Figo Halipigi Kelele

Ndugu mfanyakazi, jiwe likikuangukia mguuni utalia palepale na wenzako watakuja mbio. Figo likiumia halilii. Mtu anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya nguvu za mafigo yake, naye bado anapanda gari la kazi kila asubuhi, anakula vizuri na kucheka na watoto wake. Ndiyo sababu ukurasa huu leo unakuzungumzia juu ya mafigo.

KAZI YA FIGO

Unayo mafigo mawili, upande wa mgongo, chini ya mbavu. Kila moja linalingana na ngumi yako. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo sana, kadiri ya milioni moja. Kwa siku moja vinachuja kama lita 180 za maji kutoka katika damu. Mirija midogo inarudisha karibu yote mwilini, na lita moja au mbili zinazobaki ndizo mkojo. Wewe wa kiwandani unajua jambo hili: chujio likitoboka, kinachotakiwa kubaki kinapita, likiziba, uchafu unabaki. Figo ni vilevile, ila moja tu ni tofauti. Chujio la kiwanda linabadilishwa. Kichujio cha figo kikifa kinageuka kovu, na kovu halirudi kuwa kichujio.

WAGANGA WANAONAJE NDANI?

Mwaka 1951 waganga wawili wa Copenhagen, Poul Iversen na Claus Brun, walieleza namna ya kutoa kipande cha figo kwa sindano, bila kupasua mgonjwa. Kipande hicho ni chembamba kama uzi. Kinakatwa tena vyembamba zaidi, kinatiwa rangi na kuwekwa juu ya kioo, ndipo mtaalamu anakiangalia kwa mikroskopi. Anahesabu: vichujio vingapi ni vizima, vingapi vimekuwa makovu? Ni kazi ndefu, na wataalamu wawili wanaweza kuhesabu kioo kimoja wasipatane.

Siku hizi watafiti wanaifundisha kompyuta kazi hiyo. Baadhi yao ni vijana waliokwisha kupata udaktari wa sayansi, nao wanaendelea kujifunza utafiti chini ya maprofesa. Wanapiga picha ya kioo kizima, kisha wanachora mpaka wa kila kichujio na kila mrija, mamia kwa maelfu, hata kompyuta izoee. Ni kama unavyomfundisha mwanafunzi wa kazi kutambua malakiti: unamwonyesha mawe mengi mpaka jicho lake likubali. Mwaka 2019 watafiti wa Nijmegen, nchini Uholanzi, walionyesha kwamba kompyuta iliyofundishwa hivyo inaweza kutenganisha vichujio, mirija na makovu, na kuvihesabu.

Lakini shika maneno mawili. La kwanza: kompyuta inajua kile ilichoonyeshwa. Ili itambue vizuri figo la mtu wa Kolwezi, inafaa ionyeshwe mafigo ya watu wa huku pia. La pili ni kubwa zaidi: kompyuta inahesabu makovu, haiyaondoi. Mpaka mganga achukue sindano, mara nyingi ugonjwa umekwisha kutembea mbali.

KWETU LUALABA

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akiwamo Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu, pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza matokeo ya kupima mkojo wa watu 351 wa kusini mwa Katanga ya zamani. Walioishi karibu na machimbo na viwanda walikuwa na kobalti, kadmiamu, risasi na urani zaidi kuliko waliokaa mbali. Mwaka 2018 walitangaza habari za Kasulo, hapa Kolwezi, mahali watu walipochimba kobalti chini ya nyumba zao. Huko nako kobalti ilizidi, na kwa watoto tofauti ilikuwa kubwa zaidi.

Metali ndani ya mkojo si ugonjwa bado. Ni alama kwamba imeingia mwilini. Kadmiamu, inayofuatana na zinki katika mawe, ikifika ndani ya figo inakaa miaka kumi na zaidi, ikiharibu mirija polepole.

UFANYE NINI?

Vaa kinga ya pua mahali penye vumbi na moshi. Nawa mikono kabla ya kula. Acha sigara, kwa maana nayo ina kadmiamu. Usipeleke nguo za kazi nyumbani, bibi yako akaja kuzikung'uta mbele ya watoto. Kunywa maji safi mara kwa mara wakati wa joto, usingoje kiu. Usimeze dawa za maumivu kama ibuprofeni au diklofenaki siku kwa siku bila mganga. Pima pia shinikizo la damu na sukari. Hayo mawili ni maadui wakubwa wa mafigo dunia nzima.

Tena, pima mkojo na kreatinini ya damu kila mwaka. Ujue kwamba karatasi ya kuchovya katika mkojo inaweza isione madhara ya kwanza ya kadmiamu. Kwa hiyo mweleze mganga umefanya kazi wapi na miaka mingapi, apate kuagiza kipimo kinachofaa.

Wako wanaoogopa: "Wakiona ugonjwa, nitapoteza kazi." Basi wengine wanaomba mkojo wa rafiki na kuupeleka kama wao. Ndugu, hofu hiyo tunaielewa, maana mtu ana watoto wa kulisha. Lakini mkojo wa mwenzako utaeleza figo la mwenzako. La kwako litaendelea kunyamaza. Likionekana mapema, unaweza kuondolewa penye vumbi, ukapewa dawa na kuishi miaka mingi. Likionekana mwisho, inabaki mashine ya kusafisha damu, mara kadhaa kila juma, kwa gharama ambayo jamaa wachache wanaiweza.

Siku yako ya kupimwa ikifika, nenda, na chupa uijaze mwenyewe.