Taa Ndani ya Chungu

Nimekulia Dar es Salaam, si mbali na Kisutu, mtaa wenye mahekalu ya Wahindu. Kila ulipofika mwezi wa tisa au wa kumi, ngoma na makofi vilisikika usiku nyuma ya kuta zile. Hakuna aliyetukataza kuingia. Tuliona ni mambo yao, tukapita. Mpaka nilipovuka bahari kwenda kusoma Vadodara, jimboni Gujarat, ndipo nilipoambiwa karibu.

Sherehe ile huitwa Navratri, maana yake usiku tisa. Ni usiku wa kumtukuza Durga, ambaye Wagujarati humwita Mama, na ambaye husimuliwa kwamba alimshinda Mahishasura, jitu lenye umbo la nyati. Hayo nilikuwa nimeyasoma. Habari ya chungu sikuijua.

Mama mwenye nyumba niliyopanga, ambaye mtaa mzima tulimwita Ba kama kwetu tunavyosema Bibi, aliniita jikoni jioni ya kwanza. Alikuwa na chungu kidogo cha udongo, kimetobolewa matundu ubavuni pande zote. Akaingiza taa ya samli, akawasha utambi wa pamba, na nuru ikachomoza matunduni, ikatapakaa ukutani vitone vitone. Akanigusa tumbo, kisha akakigusa chungu. Jina lenyewe la ngoma inayochezwa usiku huo, garba, limetoka katika neno la Kisanskriti lenye maana ya tumbo la uzazi. Chungu ni tumbo, taa ni uhai uliomo, na watu hucheza wakiuzunguka.

Wakati wa aarti, sala ya kuizungusha taa mbele ya sanamu, nilisimama kando. Mimi ni Mwislamu, na Ba alilijua hilo. Walipomaliza, alinijia na kipande cha halua kiganjani. "Dikra," akaniita, yaani mwanangu, "vua viatu."

Majirani walikuwa wamenivika chaniya choli, sketi pana na blauzi yake, zenye vioo vidogo vilivyoshonewa, nzito kuliko nilivyodhani. Ukigeuka, sketi huendelea kuzunguka baada ya wewe kusimama. Tulianza uani na makofi mawili, kisha matatu. Ba alinishika kiwiko: inama, piga kofi chini karibu na goti, inuka, geuka, piga la juu. Kofi halikai popote tu; hulifuata pigo la dhol, ile ngoma ya pande mbili, na mguu nao hulifuata kofi. Usiku wa kwanza nilichelewa kila mara. Usiku wa tatu miguu ilijua yenyewe.

Kwetu tunasema mcheza kwao hutunzwa, na mimi nilijua wazi kwamba hapo si kwetu. Lakini katika garba ya mtaani hakuna wa kutunza. Wote wanaizunguka taa. Aliye mbele yako unamwona mgongo, aliye nyuma anauona wako, na duara likijaa hufunguliwa jingine nje yake. Bibi wa miaka sabini na mtoto wa minne wanazunguka njia moja. Mgeni hapewi mahali pa kukaa atazame. Anapewa nafasi katikati ya watu wawili.

Vadodara ina pia viwanja vikubwa, vya tiketi na vipaza sauti, ambako maelfu kwa maelfu hucheza peku kwa pamoja. Nilikwenda kimoja na wenzangu wa chuo. Mlangoni waliuliza majina, na mimi nikarudishwa kwa jina langu. Iliniuma, na bado inaniuma. Desemba 2023 UNESCO iliiingiza garba ya Gujarat katika orodha ya urithi wa wanadamu wote, na mimi nilipoisikia habari hiyo sikuufikiria uwanja ule. Niliufikiria ua wetu.

Usiku ule niliporudi kutoka uwanjani, Ba alikuwa bado anacheza. Hakuniuliza kitu. Alisogea kidogo, akaniachia pengo.

Asubuhi ya siku ya kumi Wagujarati hula fafda na jalebi, na foleni huanza mapema. Jalebi ile ni ndugu wa zilabia ya kwetu, imejaa shira. Tulikula barazani, miguu yangu imevimba, kisigino kimepasuka. Uani, vumbi lilikuwa limekanyagwa likawa njia ya mviringo, na katikati yake pamebaki alama ndogo ya kitako cha chungu.