Core i5 ya mwaka gani? Hesabu kabla ya kununua deskitopu ya mtumba

Kuanzia Gongo la Mboto hadi Pugu Kajiungeni, steshenari zimepangana barabarani: fotokopi, maombi ya mkopo HESLB, barua za Ajira Portal, picha za pasipoti. Nyingi zinaendeshwa na deskitopu za mtumba zilizonunuliwa Kariakoo. Muuzaji hutaja gigahezi, mnunuzi huitikia kwa kuuliza bei. Mwaka wa prosesa hautajwi, na humo ndimo hela inamopotelea.

Tuanze na Intel Core 2 Duo E8400, ya Januari 2008: viini viwili (sehemu zinazofanya kazi sambamba), gigahezi 3.0. Core i3-8100 ilitoka Oktoba 2017 ikiwa na viini vinne na gigahezi 3.6. Kwa gigahezi, mpya imeizidi kuukuu kwa asilimia 20 tu. Lakini kwenye kipimo cha PassMark, kinachoipa prosesa kazi za kila namna na kuipa alama, E8400 hupata takribani 1,200 na i3-8100 takribani 6,100. Hiyo ni mara tano. Core i3-12100 ya Januari 2022, yenye viini vinne vilevile, hufika kama 13,500.

Gigahezi moja ni mapigo bilioni moja kwa sekunde, ila haikwambii kila pigo linamaliza kazi kiasi gani. Bodaboda yaweza kunguruma sana na bado ikashindwa na mlima wa Pugu. E8400 ilitengenezwa kwa nanomita 45, na kila ikitaka data kwenye RAM hupitia chipu nyingine ya mazabodi. i3-8100 ni ya nanomita 14, na njia ya RAM imo ndani ya prosesa yenyewe. Ukipima kiini kimoja peke yake, pengo hupungua: kama 1,200 kwa 2,100. Ndiyo maana ukichapa barua moja kwenye Word huoni tofauti kubwa, lakini ukifungua tabo kumi huku skana inafanya kazi, mashine ya viini viwili inaganda.

Stika ya "Core i5" imewaponza wengi. i5-650 ya Januari 2010 ina viini viwili tu. i5-2400 ya 2011 ina vinne na alama kama 3,800. i5-6500 ya 2015 hupata kama 5,600. Zote ni i5. Hata i7-2600 ya 2011, iliyokuwa ya wenye fedha, hupata kama 5,300, chini ya i3-8100. Kwa hiyo soma namba inayofuata. Ikiwa na tarakimu nne, ya kwanza ndiyo kizazi: 6500 ni cha sita. Ikiwa na tano, soma mbili za mwanzo: 12100 ni cha 12. Tarakimu tatu, kama 650, ni kizazi cha kwanza. Na kwa kuwa stika hubandikwa na kubanduliwa, washa mashine, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika dxdiag. Jina kamili la prosesa litatokea.

Sasa LUKU. Kwa mteja wa T1, yaani wa matumizi ya kawaida, shilingi 10,000 huleta kama uniti 28 kabla ya kodi ya jengo, yaani karibu shilingi 357 kwa uniti. E8400 na i3-8100 zote zimeandikiwa wati 65, lakini hicho ni kipimo cha prosesa ikiwa kwenye kazi nzito. Steshenari hukaa muda mrefu ikisubiri mteja, na hapo mashine mpya hupunguza sana ulaji wake. Tukadirie kasha zima: wati 70 kwa kuukuu, wati 25 kwa mpya. Kwa saa 12 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, tofauti ni uniti 14, karibu shilingi 5,000. Kwa mwaka ni 60,000. Kwa miaka mitatu 180,000. Punguzo la bei lisilofika hapo limeliwa na umeme.

Mwenye i5 ya kizazi cha pili hadi cha saba asikimbilie kuiuza. Mara nyingi kinachomchelewesha ni hadidiski, ambayo kwa mafaili madogo yaliyotawanyika hutimiza maombi kama 100 kwa sekunde. SSD hutimiza makumi ya maelfu, na kuwaka kwa Windows ni kazi ya mafaili hayo madogo.

Kikwazo cha mashine hizo ni programu. Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa kawaida inadai Intel kizazi cha nane kwenda juu pamoja na moduli ya usalama ya TPM 2.0. Steshenari hupokea flashi za kila mtu, kwa hiyo kukaa bila viraka vya usalama ni hatari. Mwenye mashine ya zamani anaweza kuhamia Linux.

Hukumu ni hii: Core 2 Duo usiichukue hata kwa bei ya kutupa. Uliyonayo ya i5, itie SSD kwanza. Ukinunua nyingine, anzia kizazi cha nane, na usitoe hela kabla dxdiag haijakuonyesha namba.