Korosho ghafi na kodi ya mpakani: walikotoka SINTIC na walichokipigania

DIACA, Cabo Delgado — Mfanyabiashara anayenunua korosho katika vijiji vya Diaca, kwenye barabara ya kutoka Mueda kwenda Mocímboa da Praia, hukutana na jambo moja kabla hata hajafunga magunia. Korosho ghafi zinapotoka nje ya Msumbiji hutozwa kodi maalumu. Korosho zilizobanguliwa haziguswi na kodi hiyo.

Wengi huichukulia kama mzigo wa kawaida wa forodha. Lakini kodi hii haikuanzia katika ofisi ya forodha. Ilitokana na mvutano wa miaka kadhaa kati ya wafanyakazi wa viwanda vya kubangua korosho, wenye viwanda, serikali ya Maputo na Benki ya Dunia. Katikati ya mvutano huo kilikuwepo chama cha wafanyakazi wa viwanda vya korosho, Sindicato Nacional dos Trabalhadores da Indústria do Caju, kinachojulikana kwa kifupi kama SINTIC.

Anayefanya biashara ya zao hili kati ya Cabo Delgado na Mtwara ana sababu ya kuijua historia hiyo, maana inaonyesha kwa nini kodi hii ni ngumu kuondolewa na ni nani hasa anayeilipa.

Wafanyakazi bila chama

Mkorosho uliletwa pwani ya Msumbiji na Wareno kutoka Brazili katika karne ya 16. Kwa muda mrefu korosho ghafi zilipelekwa India kubanguliwa. Viwanda vikubwa vya kubangua vilianza kukua nchini baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kimoja kilichojulikana sana kilikuwa Chamanculo, katika mji ulioitwa Lourenço Marques, ambao leo ni Maputo. Mwenye kiwanda alikuwa Jiva Jamal Tharani, na wafanyakazi wakakiita Tarana kwa jina lake.

Wengi wa wafanyakazi wa kiwanda hicho walikuwa wanawake waliotoka vijijini. Kazi ilikuwa ngumu, kwani mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi. Malipo yalikuwa madogo na yalitegemea kiasi ambacho mtu amebangua.

Hawakuwa na chama cha kuwatetea. Vyama vya wafanyakazi vilivyoruhusiwa na utawala wa Kireno viliwahudumia Wazungu na Waafrika wachache waliopewa hadhi ya kiraia, na mgomo ulikuwa kosa.

Huku kaskazini hali ilikuwa na sura nyingine. Wamakonde wengi wa uwanda wa Mueda walivuka Ruvuma kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika. Kule waliona vyama vya wafanyakazi vikidai mishahara, na shirikisho la vyama hivyo, TFL, likianzishwa mwaka 1955. Vuguvugu la wahamiaji hao ndilo lililozaa MANU, mojawapo ya vyama vilivyoungana kuwa FRELIMO mwaka 1962. Faustino Vanomba na Kibiriti Diwane, waliokwenda kuzungumza na watawala mjini Mueda tarehe 16 Juni 1960, walikuwa wametoka Tanganyika. Kukamatwa kwao kulifuatiwa na mauaji ya wananchi ambayo bado yanakumbukwa kila mwaka.

Kwa hiyo wazo la watu wa kazi kusimama pamoja lilifika Cabo Delgado kwa njia ile ile ambayo bidhaa hupita leo.

Kutoka mabaraza ya uzalishaji hadi SINTIC

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Msumbiji ilikuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani, na katika misimu mizuri iliuza zaidi ya tani 200,000. Baada ya uhuru wa 1975 wenye viwanda wengi waliondoka, serikali ikachukua viwanda vyao.

Mwaka 1976 Rais Samora Machel aliagiza kuundwa kwa mabaraza ya uzalishaji viwandani. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuhakikisha mashine zinaendelea kufanya kazi na hujuma inadhibitiwa. Kudai mshahara kulikuja nyuma. Mwaka 1983 mabaraza hayo yaligeuzwa kuwa shirika moja la wafanyakazi, OTM, lililofungamana na FRELIMO. Hali kama hiyo ilikuwepo Tanzania, ambako TFL ilivunjwa mwaka 1964 na nafasi yake kuchukuliwa na NUTA, kisha JUWATA mwaka 1978.

Vyama vya kila sekta, SINTIC kikiwemo, vilichukua sura yake ndani ya OTM kuelekea mwisho wa miaka ya 1980. Katiba ya 1990 na sheria ya uhuru wa vyama vya wafanyakazi ya 1991 zikafungua mlango wa vyama kujitegemea. Baadhi ya sekta, kama ujenzi na hoteli, zilijitenga na OTM. SINTIC kilibaki.

Wakati huo zao lenyewe lilikuwa taabani. Vita vya ndani vya 1977 hadi 1992, kuhamishiwa kwa wananchi katika vijiji vya pamoja mbali na mikorosho yao, na kufungwa kwa maduka ya vijijini yaliyokuwa yakibadilishana korosho kwa nguo na sukari, vilishusha mauzo hadi chini ya tani 50,000 katika misimu mingi ya miaka ya 1980.

Sharti la Benki ya Dunia

Tangu 1978 Msumbiji ilikuwa imepiga marufuku kusafirisha korosho ghafi, ili viwanda vya ndani vipate malighafi. Msimu wa 1991/92 marufuku hiyo iliondolewa na badala yake ikawekwa kodi kubwa. Kisha, mwaka 1994 na 1995, viwanda vya serikali viliuzwa kwa watu binafsi.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Benki ya Dunia iliweka sharti kwamba kodi ya korosho ghafi ipunguzwe hatua kwa hatua. Msimu wa 1995/96 kodi ilishushwa hadi asilimia 20, na uliofuata hadi asilimia 14. Walionunua viwanda walisema walinunua wakijua watalindwa, na ulinzi umeondolewa kabla hawajakarabati mashine.

Hoja ya Benki haikuwa ya kupuuzwa. Familia zinazovuna korosho Msumbiji ni karibu milioni moja, wakati wafanyakazi wa viwandani walikuwa kama 10,000. Kodi kubwa, ilisema Benki, inamnyima mkulima bei nzuri ili kulinda viwanda vyenye mashine kuukuu zinazovunja viini vingi. India ilibangua kwa mkono, viini vikitoka vizima, kwa gharama ndogo.

SINTIC, wakati huo kikiongozwa na katibu mkuu Boaventura Mondlane, kilijibu kwamba India yenyewe ilijenga viwanda vyake kwa msaada wa serikali, na kwamba ajira hizo zikipotea hazitarudi kwa urahisi. Jambo lisilo la kawaida ni kwamba chama cha wafanyakazi kilisimama upande mmoja na chama cha wenye viwanda, AICAJU. Watu waliokuwa wakivutana juu ya mishahara sasa walikuwa na adui mmoja, yaani meli ya korosho ghafi inayong'oa nanga.

Februari 1997 Rais wa Benki ya Dunia, James Wolfensohn, alitembelea Maputo na kukubali suala hilo lichunguzwe upya. Uchunguzi uliofanywa na kampuni ya Deloitte & Touche mwaka huo ulitilia shaka sera ya Benki. Lakini viwanda vilikuwa vimeanza kufunga. Kufikia 2001 vingi vya vile vikubwa vilikuwa kimya na sehemu kubwa ya wafanyakazi wao hawana kazi.

Sheria namba 13/99

Ushindi wa SINTIC ulikuja bungeni ukiwa umechelewa. Mwaka 1999 Bunge la Msumbiji lilipitisha sheria namba 13/99 iliyoweka kodi ya kati ya asilimia 18 na 22 kwa korosho ghafi zinazosafirishwa nje, na kuwapa wabanguaji wa ndani nafasi ya kununua kwanza. Kwa miaka mingi baada ya hapo kiwango kilichotozwa kilikuwa asilimia 18.

Viwanda vikubwa vya zamani havikufufuka. Badala yake, kuanzia miaka ya mwanzo ya 2000, vilizaliwa viwanda vidogo vya kubangua kwa mkono, hasa mkoani Nampula, vikiwa karibu na wakulima. Mbinu ilifanana na ile ya India, na viini vilitoka vizima zaidi. Waliopata kazi humo kwa kiasi kikubwa ni wanawake, kama ilivyokuwa Tarana, na malipo kwa kiasi cha kazi yalirudi pia.

Kwa chama, mabadiliko hayo yalileta ugumu mpya. Kiwanda cha watu elfu moja mjini ni rahisi kukiunganisha kuliko viwanda kumi vya watu mia moja vilivyotawanyika vijijini, ambavyo baadhi hufunga malighafi zinapokwisha.

Nani anailipa kodi?

Chukua mfano wa hesabu. Tuseme tani ya korosho ghafi inauzwa bandarini kwa dola 1,000. Kodi ya asilimia 18 ni dola 180. Zinabaki dola 820 za kugawana mkulima, mchuuzi, msafirishaji na mwenye ghala. Ikiwa magunia, usafiri, upungufu wa uzito na faida za watu wa kati ni dola 320, mkulima anapata dola 500, sawa na senti 50 za dola kwa kilo.

Kodi ikiondolewa, je, dola 180 zote zitamfikia mkulima? Wachumi Margaret McMillan, Dani Rodrik na Karen Horn Welch walilichunguza swali hilo katika utafiti wao wa 2002. Walikuta kwamba faida ya kulegeza biashara ya korosho ghafi kwa familia ya kawaida ya mkulima haikuzidi dola 5.30 kwa mwaka. Sehemu nyingine ya faida ilibaki kwa wafanyabiashara wa kati, na hasara ya ajira mijini ikameza sehemu kubwa ya yaliyobaki.

Somo kwa Diaca ni wazi. Kijiji kinachofikiwa na mnunuzi mmoja kitapata bei ya mnunuzi huyo, kodi iwepo au isiwepo. Bei hupanda pale ambapo malori matatu yanagombea gunia moja. Kwa maana hiyo barabara na usalama vina uzito sawa na sheria ya kodi.

Na usalama ndio uliokosekana. Baada ya shambulio la Mocímboa da Praia la tarehe 5 Oktoba 2017, mapigano yalienea wilayani, na mji huo ulitekwa na waasi Agosti 2020. Majeshi ya Msumbiji na Rwanda yaliukomboa tarehe 8 Agosti 2021, baada ya kuichukua njia panda ya Awasse. Watu wa vijiji vya njia hiyo, Diaca ikiwemo, walikimbia makazi yao. Mkorosho huendelea kuzaa hata mwenyewe akiwa hayupo, ila korosho isiyookotwa haiuzwi.

Ng'ambo ya Ruvuma

Tanzania ilipita njia inayofanana. Ilizalisha karibu tani 145,000 msimu wa 1973/74, ikajenga viwanda 12 vya kubangua kwa mikopo, lakini zao likaanguka na vingi vikafungwa. Uzalishaji ulipofufuka na kupita tani 300,000 msimu wa 2017/18, sehemu kubwa ilisafirishwa ikiwa ghafi. Tanzania nayo iliweka kodi yake ya korosho ghafi, kwa muda mrefu asilimia 15 ya thamani au dola 160 kwa tani, kutegemea kipi ni kikubwa. Tangu 2007 mauzo yalianza kupitia stakabadhi ghalani na minada ya vyama vya ushirika.

Tofauti ya bei ndiyo inayovuta magunia kuvuka mto. Novemba 2018 serikali ya Tanzania ilitangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, juu ya bei waliyotaka wafanyabiashara. Bei ya namna hiyo upande mmoja wa Ruvuma husikika haraka upande wa pili. Anayevusha kwa mtumbwi hukwepa kodi ya Msumbiji, lakini hana karatasi za kumwezesha kuingia mnadani Mtwara, hivyo huuza kwa walanguzi wa kangomba kwa bei ya kutupa, na mzigo ukikamatwa hupoteza vyote.

Njia halali ipo. Tangu Mei 2010 Daraja la Umoja linaunganisha Mtambaswala na Negomano, na mzigo wenye hati kamili unaweza kupita hapo kwa lori.

Kabla ya kupakia

Kwanza, ulizia kiwango cha kodi cha msimu husika katika ofisi ya forodha, kwa sababu serikali huweza kukibadilisha. Pili, hakikisha msimu wa kusafirisha korosho ghafi umefunguliwa, kwani sheria ya 1999 iliwatanguliza wabanguaji wa ndani. Tatu, piga hesabu ya kodi za nchi zote mbili kabla ya kumtajia mkulima bei.

Nne, linganisha na bei ya kiwanda. Tani nne hadi tano za korosho ghafi hutoa takriban tani moja ya viini, ambavyo havitozwi kodi hiyo na huchukua nafasi ndogo ndani ya lori. Kwa msafirishaji wa kutoka Diaca, safari fupi ya kupeleka mzigo kwa mbanguaji inaweza kumwachia faida zaidi kuliko safari ndefu ya kuelekea bandarini. Biashara ya aina hiyo ndiyo wafanyakazi wa SINTIC waliyotaka iwepo walipodai kodi hii.