Asili ya Neno "Lugha"

Neno "lugha" tunalitamka kila siku. Limetoka katika Kiarabu, na Ibn Mandhur, aliyefariki mwaka 1311, katika kamusi yake Lisanul-Arab amelipanga chini ya asili moja na neno "laghwi", yaani maneno ya upuuzi yasiyo na faida. Sauti ya kinywa ni moja. Maana na nia ndizo zinazoyatenga.

Qurani Tukufu haikutumia neno "lugha". Imetumia "lisani", yaani ulimi. Sura Ibrahim, aya ya 4, inatufundisha kwamba kila Mtume alitumwa kwa ulimi wa watu wake, apate kuwabainishia. Basi lugha ya nyumbani na sokoni si kitu duni. Kwa ulimi wetu wa Kiswahili Sheikh Abdulla Saleh Farsy alitufasiria Qurani nzima, ikachapishwa mwaka 1969.

Lakini ulimi huo huo unaomfundisha mtoto ndio unaomsengenya jirani. Waumini wamesifiwa katika Sura Al-Muuminun, aya ya 3, kwa kujiepusha na laghwi. Mwenyezi Mungu azihifadhi ndimi zetu. Amin.