"Usisome Usiku Peke Yako" Si Onyo

Swali hili nimelijibu mno kwa waandishi wa simulizi za kutisha hapa Bagamoyo: "Mwalimu, nikiandika kuwa haiwafai wenye presha, si nimeshatahadharisha?" Hapana. Hapo umenadi bidhaa. Msomaji ataifungua haraka zaidi, na bado hajui kilichomo.

Mswada wa juzi ulikuwa hivi: msichana anakatiza magofu ya Kaole wakati wa magharibi, kwenye yale makaburi ya nguzo, jini anamfuata hadi chumbani. Juu kabisa mwandishi kaweka "Majini! Wenye moyo mwepesi wapite mbali." Nani wa mwambao huu asiyezijua habari za majini tangu utotoni? Alichofanyiwa msichana chumbani ni ubakaji, kurasa mbili nzima, na neno hilo halimo popote. Hofu ya Popobawa, shetani mwenye mabawa, ilipozitikisa Pemba na Unguja mwaka 1995, watu walilala nje kwa makundi wakiogopa kuingiliwa. Kilichowatisha ni tendo; mabawa yalikuwa jambo dogo.

Halafu kuna simulizi za mganga anayeagiza viungo vya mtu mwenye ualbino. Nchini mwetu watu wameuawa kweli kwa imani hiyo, na watoto wamekatwa mikono wakiwa hai. Msomaji wako anaweza kuwa ndugu yao. Kumwambia huyo "kaa mkao wa kula" ni ukatili, na nitaendelea kuukataa kila mswada unaofanya hivyo.

Onyo nalo si dawa. Uchambuzi wa tafiti 12 uliochapishwa mwaka 2023 haukuona likipunguza machungu ya msomaji. Lilimzidishia wasiwasi kabla hajaanza. Kazi yake ni kumpa taarifa aamue mwenyewe, kwa hiyo liandike kavu, bila alama za mshangao.

Taja tendo, achana na kiumbe: ubakaji, kujiua, mauaji ya mtoto. Mstari mmoja unatosha, na usiseme nani wala lini, utamu utabaki palepale. Kitabuni uwe kabla ya sura ya kwanza. Ukitoa kwa vipande WhatsApp, urudie juu ya kipande chenyewe, maana wengi huanzia katikati. Simulizi ya sauti, sema kabla ya muziki. Filamu hupangiwa daraja na Bodi ya Filamu, lakini umri pekee haumwambii mtu kilichomo. Mstari wako uweke vilevile.