Tukikutana Arumeru, Tutakunywa Maji Gani?

Kundi letu la WhatsApp ni la wapenda mapishi. Tumetawanyika Tanga, Mombasa, Unguja, Dodoma, Mwanza na Nakuru, na mwenzetu mmoja yuko Maskati. Wengi wetu hatujaonana uso kwa uso. Tunajuana kwa picha za vyungu na kwa sauti za kurekodi. Sasa tumekubaliana kukutana Arumeru, chini ya Mlima Meru, watu 20 kwa siku tatu, kila mmoja apike chakula cha kwao. Habari za nauli zilikwisha upesi, na malazi yakapata mtu wa kuyashughulikia. Kilichotukesheza ni maji ya kunywa.

Aliyeanza ni mama wa Unguja, anayekuja na mjukuu wake wa miaka mitatu. "Huko maji yakoje, jamani? Mtoto anywe nini?" Kaka wa Mombasa akamjibu papo hapo: "Yachemsheni tu, mama, yataka nini tena?" Wa Dodoma akasema atabeba katoni za maji ya chupa. Ndipo dada wa Nakuru akaandika mstari mmoja, kundi zima likanyamaza: "Floraidi haiishi kwa kuchemsha."

Mimi nimekuwa bibi afya kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, katika vijiji vya Muheza na Korogwe, na maneno ya dada huyo yalinifurahisha sana. Ndilo jambo ninalotamani kila nyumba ilijue: kabla hujauliza maji yatibiwe vipi, uliza yana shida gani. Yako maji yenye vijidudu, yako yenye tope, yako yenye chumvi, na yako yenye madini ambayo jicho haliyaoni wala ulimi hauyaonji. Dawa inayofaa haya haifai yale.

Kila mmoja wetu alikuwa akijibu kwa mazoea ya kwao. Mombasa hupata sehemu ya maji yake kutoka chemchemi za Mzima huko Tsavo, kwa bomba lenye urefu wa zaidi ya kilomita 200. Unguja mjini walipata maji ya bomba kutoka chemchemi tangu enzi za Sultani Barghash, karne ya 19. Mwanza wana ziwa. Mwenzetu wa Maskati hunywa maji ya bahari yaliyoondolewa chumvi kiwandani. Dodoma hutegemea visima vya Makutupora, na mwenzetu wa huko hulalamika kila wiki kwamba maharage hayaivi. Ni kweli, maji yenye chokaa nyingi huchelewesha maharage. Ila Nakuru na Arumeru ni ndugu wa maji. Zote mbili zimo katika Bonde la Ufa, juu ya miamba ya volkano, na maji yanayopita katika miamba hiyo huyeyusha floraidi na kuibeba hadi kisimani.

Floraidi kidogo haina ubaya. Ndiyo maana huwekwa kwenye dawa ya meno. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa. Kuzunguka Mlima Meru viko vyanzo vilivyopimwa vikakutwa na zaidi ya miligramu 10. Anayeumia kwanza ni mtoto, kwa sababu floraidi hushambulia meno ya ukubwani yakiwa bado yanaumbika ndani ya ufizi, tangu kuzaliwa hadi miaka minane hivi. Meno hayo huota yakiwa na madoa meupe, ya njano au ya kahawia, na doa likishaingia halitoki. Kwa anayekunywa maji hayo miaka mingi, floraidi ikiwa nyingi sana, mifupa na viungo pia hukakamaa na kuuma.

Nimewaona vijana wa kule wakicheka huku wamefunika mdomo kwa kiganja. Wageni huwadhania kuwa hawapigi mswaki. Mswaki hauhusiki hata kidogo, na inaniuma kuona kijana akibeba aibu ya kitu alichonyweshwa akiwa mchanga.

Sasa turudi kwa kaka wa Mombasa na sufuria yake. Chukua lita 10 za maji yenye miligramu 4 za floraidi kwa lita. Jumla ni miligramu 40. Ukiyachemsha hadi yakabaki lita 8, mvuke umeondoka lakini zile miligramu 40 zimebaki zote, na sasa kila lita ina miligramu 5. Umeua vijidudu, umezidisha floraidi. Vidonge vya klorini navyo haviigusi, na kitambaa cha kuchujia hakiizuii.

Kinachoiondoa ni mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe huchomwa kwenye tanuru lenye hewa kidogo, husagwa iwe chenga, kisha maji hupitishwa humo na floraidi ikanasa. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, kilicho huko huko Arumeru chini ya Wizara ya Maji, kimeifanyia kazi njia hii, na Jimbo Katoliki la Nakuru limekuwa likitengeneza vichujio vya namna hiyo kwa miaka mingi. Dada wa Nakuru anacho jikoni kwake. Mkaa huo huchoka, lazima ubadilishwe, na mifupa iliyochomwa kupita kiasi hainasi vizuri. Mama wa Unguja aliuliza swali la haki kabisa: mifupa hiyo ni ya mnyama aliyechinjwa na nani? Kwa mtu ambaye hilo linamgusa, ipo njia nyingine nyepesi. Maji ya mvua hayajapita kwenye mwamba, hivyo floraidi yake ni ndogo mno. Acha mvua ya mwanzo ioshe bati, kinga inayofuata, na uichemshe kwa sababu ya vinyesi vya ndege.

Na sisi wapishi tuna letu la kuangalia, nalo ni magadi. Wengi hutia magadi kwenye makande na maharage ili yalainike. Magadi yanayochotwa katika maziwa ya Bonde la Ufa huwa na floraidi, na watoto wamekutwa na madoa ya meno hata mahali ambapo maji yenyewe hayana shida, kwa sababu ya magadi ya chunguni. Nimeomba kundi zima, na wamekubali: maharage yatalowekwa usiku kucha na magadi yabaki dukani.

Lakini nilisema wazi, na hapa nasema tena, kwamba siku tatu za maji ya Arumeru hazimtii mtu doa la jino, awe mkubwa au mtoto. Floraidi ni shida ya miaka. Kitakachoweza kutuharibia mkutano ni shida ya saa chache, yaani vijidudu vya kuhara, kipindupindu na homa ya matumbo, ambavyo hupenda mikusanyiko yenye chakula kingi na mikono mingi. Kwa hivyo kaka wa Mombasa hakukosea kusisitiza moto. Aliogopa kwamba mlimani maji hayachemki sawasawa. Kwenye mwinuko wa mita 1,200 maji huchemka yakiwa na nyuzi joto 96 hivi badala ya 100, na vijidudu hivyo hufa kabla ya hapo. Yakishatokota kwa nguvu dakika moja, yanatosha.

Hatari kubwa huja baada ya kuchemsha. Maji safi hutiwa kwenye ndoo, kisha kila mtu akachovya kikombe na vidole vyake. Nimeagiza ndoo zenye mfuniko na koki. Barafu nayo itatokana na maji salama, maana baridi haiui vijidudu, na juisi ya ukwaju iliyopikwa kwa uangalifu huharibiwa na pande moja la barafu la mtaani. Kachumbari ioshwe kwa maji hayo hayo ya kunywa.

Hesabu tumeifanya. Lita 3 za kunywa kwa kila mtu kwa siku, watu 20, siku tatu: lita 180, sawa na madumu tisa ya lita 20. Tutanunua maji ya madumu makubwa yenye alama ya ubora ya TBS na lakiri isiyoguswa, na mama wa Unguja atasoma lebo kuona kiasi cha floraidi kabla ya kumpa mjukuu. Maji ya bomba ya huko tutaogea, tutaoshea vyombo kwa sabuni, na tutayachemsha kwa kupikia ugali na wali.

Sisi tutaondoka siku ya nne. Wenyeji watabaki, na ninyi ndio ninaowaandikia hasa. Wewe unayelea mtoto chini ya miaka minane, uwe Arumeru, Nakuru au popote katika Bonde la Ufa, jaza chupa safi maji mnayokunywa nyumbani, ipeleke maabara ya maji ya serikali iliyo karibu nawe, uombe wapime floraidi. Ikizidi miligramu 1.5, mtengee mtoto huyo maji ya mvua yaliyochemshwa: ya kunywa, ya uji na ya chai.