Tarehe Zisizongoja na Tarehe za Kutangazwa

Mwananchi wa Mbulu na Hanang hulipa kodi kwa Serikali, na wakati mwingine hupokea kutoka kwayo ruzuku au pensheni. Mambo haya mawili hayafuati kalenda moja. Tarehe za kodi zimewekwa na sheria na hujulikana mwaka mzima kabla, ilhali siku ya ruzuku hutangazwa malipo yanapokaribia. Anayezichanganya hutozwa riba kwa kuchelewa kodi, na hukopa kwa kutegemea fedha ambayo bado haijafika.

Tarehe za kodi

Mfanyabiashara binafsi ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi shilingi milioni 100 hukadiriwa kodi na Mamlaka ya Mapato (TRA), kisha huilipa kwa awamu nne: 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba.

Tuchukue mfano wa muuza vitunguu swaumu wa Dongobesh mwenye mauzo ya shilingi milioni 6 kwa mwaka. Kwa viwango vya mwaka wa fedha 2024/25, asipotunza kumbukumbu hulipa shilingi 100,000, yaani 25,000 kila awamu. Akitunza kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya kiasi kinachozidi milioni 4, yaani 60,000. Daftari la mauzo humwokolea shilingi 40,000.

Kampuni huwasilisha ritani ya mapato ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa hesabu kwisha. Kwa inayofunga hesabu 31 Desemba, siku ya mwisho ni 30 Juni. Aliyesajiliwa kwa Kodi ya Ongezeko la Thamani huwasilisha ritani ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata.

Tarehe 31 Machi huangukia msimu wa mvua, wakati safari kutoka Haydom au Basotu huweza kukwama. Omba namba ya kumbukumbu ya malipo mapema, nawe ulipe kwa benki au kwa simu. Usimkabidhi mtu fedha taslimu kwa ahadi kwamba atakulipia.

Yanapotokea maafa

Tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yaliikumba Katesh na vijiji jirani, yakaua watu na kufukia nyumba na maduka. Awamu ya mwisho ya kodi ilikuwa imebakiza wiki nne. Aliyepatwa na msiba kama huo aiandikie TRA kuomba kuongezewa muda kabla tarehe haijapita, kwa maana kukaa kimya hakuhesabiwi kuwa ni maombi. Nakala ya stakabadhi na ya namba ya mlipakodi iwekwe pia kwa ndugu anayeishi mahali pengine.

Tarehe za ruzuku na pensheni

Ruzuku ya TASAF kwa kaya za walengwa hupangwa kutolewa kila baada ya miezi miwili, lakini siku yenyewe hutangazwa kijijini. Ulizia kwa mtendaji wa kijiji au kamati ya jamii, si kwa uvumi wa mnadani. Pensheni hulipwa kila mwezi kupitia benki, ila mstaafu asiyejitokeza kuhakikiwa anapotakiwa huweza kusitishiwa malipo.

Kabla tangazo halijatoka, usichukue bidhaa dukani kwa dhamana ya ruzuku, wala usiweke rehani kitambulisho cha mlengwa au kadi ya benki. Namba ya siri usimpe yeyote. Ukiambiwa utoe ada ili ulipwe, kataa na utoe taarifa kwa mratibu wa TASAF katika halmashauri yako.

Andika tarehe nne za kodi kwenye kalenda ya ukutani, na uweke alama siku kumi kabla ya kila moja. Ruzuku iandike siku tangazo linapotoka. Kwa swali la kodi, TRA hupatikana bila malipo kwa simu 0800 750 075.